Dakta Williamson na Mashine ya Kuoshea Almasi

Bila shaka umekwisha kumwona mama au dada yako akikosha mchele. Hutia maji katika sufuria, huitikisa taratibu, kisha huumimina mchele kidogo kidogo katika chombo kingine. Mchele hutangulia kutoka pamoja na maji. Mwishoni, katika sufuria ya kwanza, hubaki vijiwe na mchanga. Je, umepata kujiuliza kwa nini vijiwe hubaki nyuma? Sababu ni kwamba kijiwe ni kizito kuliko punje ya mchele yenye ukubwa ule ule. Maji yakitikiswa, kilicho kizito huzama, na kilicho chepesi huchukuliwa na maji.

Kanuni hiyo ya jikoni ndiyo iliyotumika kupata almasi katika mgodi wa Mwadui, Mkoa wa Shinyanga. Katika sura hii utasoma maisha ya Dakta John Thoburn Williamson, mtu aliyeugundua mgodi huo mwaka 1940. Vile vile utajifunza jinsi mashine ya kuoshea inavyofanya kazi, na jinsi fundi anavyotafuta kosa pale mashine inapoharibika. Unaposoma, angalia jinsi kazi mbili zinavyofanana: kutafuta almasi katika ardhi na kutafuta kosa katika mashine.

Utoto na masomo

Williamson alizaliwa tarehe 10 Februari 1907 huko Montfort, katika Jimbo la Quebec, nchini Kanada. Alisoma katika Chuo Kikuu cha McGill kilichoko katika mji wa Montreal. Alipokuwa mwanafunzi alishiriki katika safari ya kuchunguza miamba ya Labrador. Safari hiyo ilimfanya aipende jiolojia, yaani elimu ya miamba na ya jinsi ardhi ilivyoumbika. Aliendelea na masomo hayo mpaka akapata shahada ya udaktari mwaka 1933. Yafaa uelewe kwamba dakta wa namna hii hatibu wagonjwa. Ni mtu aliyefikia daraja la juu kabisa la elimu yake.

Baada ya masomo alikuja Afrika. Kwanza alifanya kazi katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo sasa huitwa Zambia. Katikati ya miaka ya 1930 aliingia Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Aliajiriwa na kampuni iliyokuwa ikichimba almasi huko Mabuki, kati ya Shinyanga na Mwanza. Mgodi ule haukuleta faida ya kutosha, na kampuni ikaamua kuacha kazi. Williamson hakuondoka. Alianza kutafuta almasi kwa gharama zake mwenyewe. Fedha zake zilikuwa chache, na nchi ya kutafuta ilikuwa kubwa. Wakili mmoja wa Mwanza, Iqbal Chopra, alimsaidia kwa fedha, na baadaye akawa mshirika wake katika mgodi.

Kufuata nyayo za mawe mazito

Ungekuwa wewe ni mtafutaji, ungeanzia wapi? Nchi ya Usukuma ni tambarare. Udongo umefunika miamba, na almasi ni ndogo na chache mno. Mtu akizunguka akiangalia chini tu, aweza kumaliza maisha yake bila kuokota hata moja.

Ili uelewe njia ya wataalamu, yakupasa kwanza ujue almasi inakotoka. Almasi huumbika ndani sana, zaidi ya kilometa 150 chini ya miguu yetu, mahali penye joto kali na mgandamizo mkubwa. Kutoka huko huletwa juu na volkano za namna ya pekee. Mwamba unaotokana na volkano hizo huitwa kimbalaiti. Volkano ya Mwadui ililipuka miaka milioni 50 hivi iliyopita, kisha ikazimika. Tangu wakati huo jua na mvua vimeulegeza mwamba wake wa juu ukawa udongo na changarawe.

Almasi haitoki peke yake katika kimbalaiti. Hutoka pamoja na mawe mengine mazito, kama ganeti, ambayo mara nyingi ni nyekundu, na ilmenaiti, ambayo ni nyeusi. Mawe haya ni mengi sana kuliko almasi. Kwa hiyo mtafutaji mwenye maarifa haanzi kwa kutafuta almasi. Hutafuta kwanza mawe yanayofuatana nayo.

Kazi hufanywa hivi. Wafanyakazi huchimba shimo na kutoa changarawe. Huichekecha, kisha huiosha kwa maji na kutazama kilichobaki chini. Wakiona ganeti na ilmenaiti, huweka alama katika ramani. Halafu huchimba shimo jingine mbele yake. Mawe yale yakiongezeka, wanajua wanakikaribia chanzo. Yakipungua, wanajua wamepita au wamekosea njia, nao hurudi. Huangalia pia kingo za mawe. Jiwe lililosafiri mbali katika maji huwa laini na la mviringo, bali lililo karibu na chanzo bado lina kingo kali. Mtafutaji huyafuata mawe haya kama mwindaji afuatavyo nyayo za mnyama.

Williamson hakuifanya kazi hii peke yake. Wenyeji, ambao wengi wao walikuwa Wasukuma, walichimba mashimo, wakabeba changarawe na maji, wakaosha na kuchambua. Majina yao hayakuandikwa katika vitabu kama jina lake, lakini mikono na macho yao ndiyo yaliyofanya kazi. Mwezi wa Machi 1940 nyayo zile ziliwafikisha Mwadui. Hapo palikuwa na almasi, na chini yake palikuwa na kimbalaiti yenye eneo la hekta 146 hivi. Eneo hilo lingeweza kutosha viwanja vya mpira wapata 200. Ni mojawapo ya kimbalaiti kubwa kabisa zinazochimbwa duniani.

Kwa nini mashine ilihitajika

Kupata mahali pa almasi ni jambo moja, na kuzitoa almasi udongoni ni jambo jingine. Hebu fikiri hesabu hii. Katika miaka ya karibuni, tani 100 za mwamba wa Mwadui zimekuwa zikitoa karati 5 hadi 10 tu za almasi. Karati moja ni sehemu moja ya tano ya gramu. Kwa hiyo malori mengi yaliyojaa mwamba hutoa almasi zenye uzito wa gramu 1 hadi 2. Mwamba wote uliobaki hutupwa. Ikiwa mashine ya kuoshea ina kosa dogo tu, almasi hizo chache hutupwa pamoja na uchafu, wala hakuna atakayejua.

Williamson aliuanza mgodi wake wakati wa Vita Kuu ya Pili, iliyodumu tangu mwaka 1939 hadi 1945. Siku hizo ilikuwa vigumu kupata mashine mpya, kwa maana viwanda vya Ulaya vilitengeneza silaha, na meli zilikuwa hatarini baharini. Katika hali kama hiyo chombo kikiharibika hakitupwi. Ni lazima kijulikane kosa lake, kisha kitengenezwe.

Jinsi mashine ya kuoshea ifanyavyo kazi

Katika machimbo ya almasi ya siku hizo ilitumiwa mashine yenye beseni kubwa la duara lililotengenezwa kwa chuma. Katikati ya beseni husimama mhimili. Kutoka katika mhimili hutokeza mikono, na kila mkono una meno yanayoelekea chini. Mota huzungusha mhimili, na meno hukoroga changarawe iliyochanganyika na maji ya tope.

Unaweza kushangaa kwa nini yatumike maji ya tope wala si maji safi. Tope ni zito kuliko maji safi. Mchanga na mawe mepesi huelea ndani yake kwa urahisi zaidi, yakavuka ukingo wa ndani karibu na mhimili na kutoka nje. Mawe mazito, pamoja na almasi, huzama na kusukumwa hadi ukingo wa nje wa beseni. Hapo ndipo yanapokusanywa.

Linganisha uzito wa vitu hivi. Maji yaliyojaa chupa moja yakiwa na uzito wa kilo 1, jiwe gumu la namna moja na punje za mchanga mweupe, lenye ujazo ule ule, litakuwa na uzito wa kilo 2.6 hivi. Almasi ya ujazo huo ingekuwa kilo 3.5, na dhahabu ingekuwa zaidi ya kilo 19. Ndiyo sababu wachimbaji wa Geita huosha dhahabu kwa njia iliyo rahisi zaidi. Huyamwaga maji yenye mwamba uliosagwa juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa gunia au kitambaa, na chembe za dhahabu hunaswa katika nyuzi. Ukiishi karibu na mahali pa namna hiyo, usiguse zebaki inayotumika huko, wala usisimame karibu inapochomwa, kwa sababu ni sumu.

Mawe mazito yaliyokusanywa bado si almasi tupu. Hupelekwa katika meza iliyopakwa grisi, na maji hupita juu yake. Hapa kanuni nyingine hufanya kazi. Mawe ya kawaida hulowa maji, kwa hiyo hayashiki grisi, nayo huteleza na kwenda zake. Almasi hailowi. Maji huikimbia kama yanavyokimbia juu ya jani la gimbi. Ikigusa grisi, hunata. Baadaye grisi hukwanguliwa na kuyeyushwa katika maji ya moto, na almasi hubaki. Siku hizi migodi mingi hutumia pia miali ya eksirei, kwa sababu almasi hung'aa inapopigwa na miali hiyo.

Mashine inapokosea

Sasa fikiri kwamba mashine inazunguka vizuri, haina kelele mbaya, na maji yanapita. Walakini almasi zimepungua. Je, mwamba umekwisha, ama mashine ina kosa? Fundi asiye na maarifa hufungua kila kitu kwa mara moja, akachanganya vipande, asijue tena tatizo lilikuwa wapi. Fundi mwenye maarifa hufanya kama mtafuta almasi. Huzifuata nyayo hatua kwa hatua.

Kwanza, hupima. Huingiza katika mashine vipande vya kupimia vilivyotiwa rangi, vyenye uzito kama wa almasi. Vyote vikitokea mahali pa almasi, mashine ni nzima. Baadhi vikionekana katika lundo la uchafu, mashine inapoteza.

Pili, hutafuta ni sehemu gani inayopoteza. Huanza mwisho wa mashine na kurudi nyuma. Je, vipande vilifika kwenye meza ya grisi? Vilitoka katika beseni? Viliingia katika beseni? Mahali vilipopotelea ndipo penye kosa.

Tatu, hupima sababu moja moja. Kama kosa liko katika beseni, huenda tope ni zito kupita kiasi, hata almasi yenyewe ikaelea. Huenda mikono inazunguka kwa kasi mno na kurusha kila kitu. Huenda meno yamelika, changarawe ikagandamana chini, na almasi mpya zikakosa mahali pa kuzama. Kama kosa liko katika meza, huenda grisi imefunikwa na tope, au imekuwa ngumu kwa baridi.

Nne, hubadilisha jambo moja tu, kisha hurudia kipimo kile kile. Angebadilisha mambo matatu kwa pamoja, mashine ingeweza kupona, lakini asingejua ni dawa gani iliyoiponya.

Mashine ya kufulia nguo

Watu wengi katika Shinyanga na Geita hufua kwa mikono. Lakini nyumba nyingine za mjini zina mashine ya kufulia nguo. Mashine hiyo nayo ina pipa linalozunguka, mota, maji yanayoingia na maji machafu yanayotoka. Kwa hiyo kanuni za fundi hazibadiliki.

Mashine ikiwa kimya kabisa, fundi huangalia njia ya umeme. Je, umeme upo nyumbani? Je, plagi imeingia vizuri? Je, mlango wa mashine umefungwa barabara? Ikiwa mota inanguruma lakini pipa halizunguki, huangalia kama nguo zimezidi, kisha hutazama mkanda unaounganisha mota na pipa katika mashine zenye mkanda. Ikiwa maji hayaingii, huangalia bomba na kichujio chake. Ikiwa maji hayatoki, hutazama kama mpira wa kutolea maji umekunjika. Halafu husafisha kichujio cha pampu, ambamo mara nyingi hukutwa kifungo, sarafu au uzi. Pampu yenyewe huwa ya mwisho kufunguliwa. Ni busara kuanza na lililo rahisi, maana kosa dogo huweza kuizuia mashine kubwa.

Angalia! Umeme na maji ni hatari kubwa vikikutana. Usifungue mashine yoyote ya umeme. Fundi mwenyewe hachomoi hata skrubu moja kabla hajachomoa plagi. Kazi yako ni kutazama kwa makini na kumweleza fundi ulichokiona: kilitokea lini, kwa sauti gani, na maji yalikuwa wapi. Maelezo mazuri ni nusu ya matengenezo.

Miaka ya mwisho

Mgodi wa Mwadui ulikua haraka. Mwaka 1947 ilipatikana huko almasi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, yaani chini kidogo ya gramu 11. Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huo. Baada ya kukatwa na kusuguliwa ilibaki karati 23.6. Umaarufu wa almasi hiyo ulienea ulimwenguni, ingawa wachimbaji walioishi kandokando ya shimo ilikotoka waliendelea na maisha ya kawaida ya kibarua chini ya ukoloni.

Williamson hakuoa wala hakupenda kuonekana hadharani. Aliishi Mwadui, na mji wenye hospitali na shule ukajengeka kuuzunguka mgodi. Aliugua saratani ya koo, akafa mwezi wa Januari 1958 akiwa na umri wa miaka 50. Warithi wake waliuza mgodi. Nusu ilichukuliwa na kampuni ya De Beers, na nusu ikawa ya serikali ya Tanganyika, miaka michache kabla ya nchi kupata uhuru mwaka 1961. Mpaka leo mgodi huo huitwa kwa jina lake.

Kazi ya kuosha huacha tope jingi, ambalo huhifadhiwa katika bwawa lenye kuta. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la Mwadui ulibomoka, na tope likafunika nyumba na mashamba ya vijiji vya jirani. Kwa hiyo haitoshi fundi kuikagua mashine inayotoa almasi. Yampasa akague pia mahali uchafu wake unapokwenda, kwa kuwa huko kuna watu wanaolima na kuishi.

Jaribio

Utahitaji karai, maji, mchanga mikono miwili, na misumari midogo 10.

1. Changanya misumari na mchanga ndani ya karai. Tia maji mpaka yafunike mchanga.
2. Zungusha karai taratibu. Liinamishe kidogo, uache maji na mchanga vimwagike katika chombo kingine. Ongeza maji na urudie mara tano.
3. Hesabu misumari iliyobaki katika karai na iliyomwagika.
4. Rudia jaribio kwa kuzungusha kwa kasi. Usibadilishe kitu kingine chochote. Andika tofauti uliyoiona.

Maswali

1. Kwa nini vijiwe hubaki chini wakati wa kukosha mchele?
2. Taja mawe mawili ambayo humwongoza mtafutaji kwenye almasi.
3. Jiwe la ganeti lenye kingo kali humwambia mtafutaji jambo gani?
4. Almasi hunata kwenye grisi, bali mawe ya kawaida huteleza. Eleza sababu.
5. Kwa nini fundi hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja?
6. Pampu ya maji ya shule yenu inazunguka, lakini maji hayafiki kwenye tangi. Andika kwa mfuatano mambo manne ambayo fundi angeyakagua, ukianza na lililo rahisi.